Kilometre Makumi Tatu Toka Wapi Mpaka Wapi?



Leo sitaandika juu ya mihogo wala juu ya mozaiki yake. Mimi ni mtu wa shamba, lisansi yangu ni ya agronomia, historia nimeisoma tu kwa kupenda. Lakini kuna mabishano yalitokea kwenye kiwanja cha mwenzetu mmoja, siku tuliyokuwa tunasherehekea memwari aliyotetea, na tangu siku ile hayajanitoka kichwani.

Ilikuwa hivi. Mwenzetu mwingine, kijana wa ofisi, alitoa simu yake akatuonyesha kwamba asubuhi ile amepiga kilomita 30 za baiskeli. Tukashangaa. Toka lini mtu wa Bunia anatoka asubuhi peke yake kwa baiskeli kilomita 30 na anarudi salama kuja kunywa soda? Akaeleza: ni katika chumba cha mazoezi, kwenye baiskeli ile isiyoenda. Hapo kaka mmoja wa Irumu, aliyekuwa kimya muda wote, akamwuliza pole pole:

"Kilometre makumi tatu toka wapi mpaka wapi?"

Watu walicheka mpaka chupa zikaanguka. Yule wa ofisi akajitetea: jasho ni jasho, moyo unapiga sawasawa, miguu inauma sawasawa. Kaka wa Irumu akamalizia: "Ile si kinga, mdogo wangu. Ile ni kiti iko na pedali." (Kwa walio Dar au Nairobi wanaotusoma: kinga kwetu ni baiskeli, si ngao.)

Nilicheka pamoja na wengine. Kisha nikarudi nyumbani, nikaingia katika vitabu na intaneti, na nikagundua kwamba kaka wa Irumu alikuwa na haki nusu tu. Nitaeleza.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni miaka. Wengi tunadhani baiskeli ya kweli ilianza, halafu watu wa mjini wavivu wakaifunga ndani ya nyumba. Ni kinyume. Mwaka 1796, huko London, mtu aitwaye Francis Lowndes alipata hati ya uvumbuzi wa mashine aliyoiita Gymnasticon. Mtu anakanyaga kwa miguu, anazungusha kwa mikono, magurudumu yanazunguka, na yeye anabaki palepale. Ilikusudiwa kwa wagonjwa, hasa wenye shida ya viungo. Baiskeli ya barabarani haikuwepo bado! Karl von Drais alitoka Mannheim, Ujerumani, na mashine yake ya mbao yenye magurudumu mawili tarehe 12 Juni 1817, yaani miaka 21 baadaye. Kwa hiyo kama ni suala la nani mkubwa na nani mdogo, ile isiyoenda ndiyo yaya.

Na ya Drais yenyewe haikuwa na pedali. Mtu alikaa juu, akasukuma ardhi kwa miguu kama anayekimbia akiwa ameketi. Aliyewahi kufika Goma ameshaelewa ninachosema: ni chukudu, karibu kabisa. Vijana wa Goma wanabeba makaa, viazi na mbao juu ya chukudu, goti moja juu, mguu mwingine unasukuma, na kwenye mteremko wanashuka kama mvua. Mji ule umewasimamishia sanamu. Pedali zilikuja Paris katika miaka ya 1860, na mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma ukakaa vizuri katika miaka ya 1880. Sasa tukisema baiskeli ya kweli ni lazima mtu akanyage pedali, tumemfukuza Drais katika historia ya kitu alichokizaa mwenyewe. Tukisema ni lazima chombo kiende mbele, pedali zisiwe sharti, basi chukudu inaingia na baiskeli ya ndani inatoka. Kila mlango unaofunga, kuna mtu wa heshima anabaki nje.

Hapa niache mabishano kidogo, juu kuna sehemu ya historia hii ambayo mtu wa Kongo hawezi kuipita kama anapita kibao cha barabarani.

Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la mpira lenye hewa ndani, alilotengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kabla ya hapo baiskeli zilitikisa mifupa. Baada ya hapo Ulaya na Marekani yote ilitaka kupanda baiskeli, na katika miaka ya 1890 viwanda vilizitoa kwa wingi ajabu. Magari yalikuja baadaye. Kwa miaka ile, baiskeli ndiyo ilikuwa mlaji mkubwa mpya wa mpira. Na mpira ulikuwa wapi? Ulikuwa katika misitu ya Amazonia, na ulikuwa katika misitu yetu.

Wakati ule nchi hii ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, tangu 1885. Kwetu mpira haukutoka katika mti wa hevea, ulitoka hasa katika mitambaazi ya msituni, jamii ya Landolphia. Niseme kama mtu wa agronomia: hevea unaikata gome kidogo, inatoa maziwa yake, kesho unarudi, inaishi miaka mingi. Landolphia inapanda juu ya miti mikubwa, na mtu aliyepewa kipimo cha kilo za kutoa, na bunduki nyuma yake, hana muda wa kugema pole pole. Anaikata kabisa ili maziwa yote yatoke mara moja. Mtambaazi unakufa. Wiki ijayo lazima aende mbali zaidi msituni, na kipimo cha kilo hakipungui. Hesabu ya mmea wenyewe ilikuwa inaelekea kwenye maafa hata kabla ya kuhesabu ukatili wa watu. Na ukatili ulihesabiwa: makampuni kama ABIR kwenye mto Maringa na Lopori, wake waliofungwa mateka mpaka waume walete mpira, mikono iliyokatwa. Picha ya Nsala akitazama mkono na mguu wa mtoto wake, iliyopigwa na Alice Seeley Harris mwaka 1904, wengi wenu mmeiona. Mwaka uleule ripoti ya Roger Casement ilitolewa Uingereza. Mwaka 1908 Leopold aliachishwa, Ubelgiji ikachukua koloni.

Sisemi kwamba mtu aliyekuwa anazunguka bustani ya Paris siku ya Jumapili mwaka 1896 alijua. Nasema tu kwamba tangu mwanzo, raha ya kupanda baiskeli mahali pamoja ilikuwa na njia ya msituni mahali pengine, na mtu aliyekuwa kwenye njia ile hakuwa amepanda kitu chochote. Alikuwa anatembea, na kikapu kichwani. Wakati mtu ananiambia baiskeli ya kweli ni ya upepo na uhuru, mimi nafikiri kwanza juu ya kikapu kile.

Tuendelee. Wakati baiskeli za barabarani zinaenea, zile za ndani hazikulala. Mwisho wa karne ya 19 watu walikuwa wanashindana juu ya rola: baiskeli ya kawaida inawekwa juu ya mapipa membamba yanayozunguka, mpandaji anakanyaga, anajishikilia asianguke, na saa kubwa inaonyesha amefika wapi. Zilikuwa maonyesho ya ukumbini, watu wanalipa kuingia. Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia huko Montreal mwaka 1899, alipanda rola mbele ya watazamaji. Charles Murphy pia alijaribu mwendo wake mkubwa juu ya rola, na watu wakamwambia yaleyale aliyoambiwa mwenzetu wa ofisi: huko ndani hakuna upepo, si kweli.

Murphy akatafuta namna ya kuwanyamazisha. Tarehe 30 Juni 1899, huko Long Island karibu na New York, waliweka mbao katikati ya reli, garimoshi likatangulia, yeye akafuata nyuma yake kwa baiskeli. Maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa sekunde 57.8. Ni mwendo wa kilomita kama 100 kwa saa. Tangu siku ile akaitwa "Maili kwa Dakika". Lakini tazameni vizuri alichofanya: garimoshi lilikuwa limemkatia upepo wote. Alikuwa nje, chini ya jua, na hali yake ilikuwa karibu na ya mtu aliye chumbani. Hakuna aliyesema haikuwa baiskeli. Kwa hiyo hoja ya upepo, ambayo ndiyo hoja inayopendwa sana na watu wa nje, tangu 1899 iko na tundu.

Nipite haraka kwenye mengine. Meli ya Titanic, mwaka 1912, ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye baiskeli zisizoenda, na mbele yake saa kubwa ya kuonyesha umbali. Watu wanakanyaga kilomita za uongo katikati ya bahari, juu ya chombo kinachokwenda kweli. Huko Copenhagen, August Krogh, aliyepata Nobel mwaka 1920, alitumia baiskeli ya kupimia kazi ya misuli maabarani. Vipimo vingi vya moyo na pumzi tunavyosoma vitabuni vimetoka kwa watu walioketi juu ya baiskeli zisizoenda popote. Sayansi iliichagua kwa sababu ileile tunayoicheka: haiendi, kwa hiyo unaweza kuipima.

Na hapa niweke hesabu yangu ndogo, tabia ya shule haiishi. Chukua mtu wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20, na bidoni za mafuta ya mawese za kilo 150. Jumla 230. Kuinua mzigo ule kwenye mlima wa mita 100 kwenda juu, bila kuhesabu matope wala msuguano, ni kazi ambayo mtu mwenye nguvu ya wati 75 ataimaliza kwa dakika 50 hivi. Ukimweka mtu yuleyule kwenye baiskeli ya ndani, ukafunga breki ya gurudumu mpaka wati 75, dakika 50, msuli wa paja hauwezi kukuambia tofauti. Msuli haujui jiografia. Kwa upande huo, kijana wa ofisi alikuwa na haki kamili.

Lakini nani hapa kwetu alipanda mlima na kilo 150 akiwa ameketi kwenye kiti?

Ndiyo hapo historia ya kwetu inaingia na kuharibu hesabu ya Wazungu na ya kwangu. Wajuzi wa Kisangani wanajua toleka, baiskeli zinazobeba watu, jina lenyewe ni la Kilingala, maana yake "tupite". Kwenye mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960 vijana walivusha watu kutoka forodha moja mpaka nyingine, likatoka neno boda-boda, ambalo leo limehamia kwenye pikipiki mpaka kwetu. Wale walipanda na kukanyaga. Lakini kuna kundi jingine, na ni kubwa, la wale wanaosukuma. Mmewaona kwenye njia ya Komanda, Mambasa, Beni, Butembo. Baiskeli imefungwa bidoni kila upande, imefungwa fimbo kwenye usukani ili mtu aiongoze akiwa pembeni, na fimbo nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia. Pedali mara nyingine zimetolewa kabisa, juu zinagonga miguu. Mtu anatembea siku tatu, siku nne, siku saba. Barabara ilipokufa na malori yakashindwa, na vita ilipokata mto na reli, watu hawa ndio walilisha miji. Mafuta tuliyokaangia dagaa tukiwa watoto yalifika namna ile.

(Kidogo juu ya mafuta yale. Mchikichi bora tunaoupanda leo, ule wa tenera, siri yake ya urithi ilielezwa Yangambi, na watafiti Beirnaert na Vanderweyen, mwaka 1941. Yangambi, mkoa wa Tshopo, ndani ya nchi yetu! Dunia nzima, Malaysia, Indonesia, imetajirika kwa elimu ile. Sisi tumebaki tunasukuma bidoni kwa baiskeli. Sawa, narudi.)

Papa yangu alikuwa mmoja wao. Mwezi wa tano mwaka 2003, wakati Bunia ilipigwa, nilikuwa na miaka sita. Wengi katika rika langu mna kumbukumbu zenu, sitaziamsha. Watu walishika njia ya kusini kwenda Beni kwa miguu, zaidi ya kilomita 150. Mimi nilikuwa juu ya baiskeli ya papa, juu ya gunia la nguo na sufuria, nimefungwa kwa kitenge ili nikisinzia nisianguke. Mama mbele na mdogo wangu mgongoni. Papa hakupanda hata mita moja. Alisukuma. Magurudumu yalizunguka, mimi nilikwenda, yeye alitembea. Je, nani kati yetu alikuwa anaendesha baiskeli? Nilijiuliza swali lile usiku nilipotoka kwenye sherehe, na ndilo lililonifanya niandike.

Tuliporudi, aliendelea na kazi ileile: ananunua mafuta upande wa Mambasa, anauza Bunia. Alinisomesha kwa bidoni. Minervali yangu ya mwaka wa kwanza ilinuka mawese. Na sijawahi kumsikia akisema "naenda kuendesha baiskeli". Alisema "naenda Mambasa". Kwake baiskeli haikuwa tendo, ilikuwa njia tu ya kufika.

Nadhani hapo ndipo swali la kaka wa Irumu linatoka. Yeye hakuuliza kama jasho ni la kweli. Aliuliza toka wapi mpaka wapi, juu kwetu mtu hupandi baiskeli bila jibu la swali lile. Hata kwenye bariere ndilo unaloulizwa, kabla hujaulizwa pesa.

Sasa, huko kwingine baiskeli ya ndani imepata heshima kwa njia ambayo ni karibu kabisa na hali yetu, na wachache wanaiona. Katika miaka ya 1980, Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa anaishi California, alikuwa anajiandaa kwa mbio za kuvuka Marekani toka bahari mpaka bahari. Kupiga mazoezi usiku barabarani kulikuwa hatari, kwa hiyo akatengeneza baiskeli yake nyumbani, yenye gurudumu zito la mbele. Ndiyo mwanzo wa mazoezi yanayoitwa Spinning, ambayo yameenea vyumbani duniani kote. Mwaka 2016, Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mwezi wa pili, wiki kama sita kabla ya Paris-Roubaix, mbio mbaya kuliko zote kwa barabara zake za mawe. Mkono ukiwa umefungwa, alikanyaga ndani, kwenye baiskeli iliyofungwa, siku baada ya siku, akitazama skrini. Tarehe 10 Aprili alienda, na akashinda, mbele ya Tom Boonen aliyekuwa ameshazishinda mara nne. Atakayemwambia Hayman kwamba zile wiki hazikuwa baiskeli, amwambie mbele ya lile jiwe analopewa mshindi.

Halafu corona. Mwaka 2020 Ulaya ilifungiwa ndani, na tarehe 5 Aprili mbio za Flanders zilifanyika kila mtu akiwa kwake, Greg Van Avermaet akashinda. Tarehe 9 Desemba mwaka uleule, shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, lilifanya ubingwa wa dunia wa kwanza wa aina hii, kwenye kisiwa kiitwacho Watopia, ambacho hakipo. Kilomita 50 juu ya kisiwa ambacho hakipo! Kwa wanaume alishinda Jason Osborne, Mjerumani ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupiga kasia mashuani. Kwa wanawake alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Alivaa jezi ya rangi za upinde wa mvua, ya bingwa wa dunia. Mimi kama Mwafrika nilifurahi, lakini pia nilijiuliza: yule wa kasia alishindaje wapanda baiskeli wa kazi? Jibu ni kwamba ndani, nguvu ya miguu na mapafu inahesabiwa karibu peke yake. Hakuna kona, hakuna kuogopa kuanguka, hakuna kusoma mwenzako anageukia wapi. Yaani mchezo ni wa kweli, ila ni mchezo mwingine kidogo.

Na ubingwa wa barabarani wenyewe ulifika Afrika kwa mara ya kwanza mwezi wa tisa mwaka 2025, Kigali. Najua kutaja Kigali hapa kwetu kunapandisha joto, na sababu ziko; lakini ninaandika historia. Wanaume walipewa kilomita 267.5 za vilima, Tadej Pogačar akashinda, na wengi sana waliacha njiani. Niliangalia kwa simu, nimekaa. Niliona vijana wamepanga mstari kando ya barabara, na baadhi yao wameegemea baiskeli zao za kazi, zile nzito za chuma. Nikafikiri kwamba kama watu wale wangesimamishwa kwenye mstari mmoja na mabingwa, wote wangesema "sisi ni watu wa baiskeli", na hakuna anayedanganya.

Kwa hiyo mimi naamua hivi, na mnaweza kunipinga. Baiskeli ya ndani ni kazi ya kweli, ni mchezo wa kweli, na umri wake ni mkubwa kuliko ya nje. Kitu kinachokosekana si upepo wala jasho. Ni mahali pa kufika. Mtu akiniambia amepiga kilomita 30 ndani, ninamheshimu, lakini sitasema amekwenda. Na yule anayesukuma bidoni toka Mambasa bila kukanyaga pedali hata mara moja, amekwenda. Kama ni lazima nimpe mmoja wao jina la mtu wa baiskeli, ninampa yule wa bidoni.

Ila siwezi kumcheka yule wa ndani, na hii ndiyo sehemu ngumu kuandika. Juu mimi pia niko ndani. Nilipomaliza lisansi nilikuwa na wapanda maharagwe na mihogo niliokuwa ninawafuata upande wa Marabo na upande wa Djugu. Nilikwenda kwa baiskeli ya papa, mwishoni kwa pikipiki. Tangu mwisho wa 2017 Djugu iliwaka tena, baadaye njia ya Komanda nayo, na tarehe 6 Mei 2021 tukaingia katika utawala wa kijeshi ambao uliambiwa ni wa muda. Leo ninashauri kwa simu. Mpanda ananitumia picha ya jani, mimi ninakuza picha, ninamwambia ni mozaiki au ni upungufu wa kitu fulani. Sishiki udongo, sinusi mzizi. Kuna siku nilimwambia mama mmoja ang'oe mihogo yake kwa picha mbaya, na baadaye nikajua ningekuwa pale nisingemwambia vile. Alipoteza msimu. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Je, ile ni agronomia? Kaka wa Irumu angeniuliza vizuri tu: agronomia toka wapi mpaka wapi?

Mtu hafungwi ndani kwa kupenda kila mara. Lowndes alitengeneza mashine yake kwa ajili ya wagonjwa. Hayman alivunjika mkono. Dunia nzima ilifungiwa na corona kwa miezi, wakaiita historia. Sisi barabara zetu zimefungwa miaka, na hakuna aliyetutengenezea kisiwa cha Watopia.

Papa alipigwa na presha mwaka juzi. Upande wa kushoto ulilala, mkono na mguu. Baada ya hospitali, mtu wa kine alimpangia mazoezi, na siku ya pili akamwonyesha baiskeli ya ndani, nyeusi, kiti kimepasuka, imewekwa mbele ya ukuta. Papa aliitazama muda mrefu.

"Mi nipande kinga haiendi? Mi ni mutoto?"

Nilimwomba. Tulimfunga mguu wa kushoto kwenye pedali kwa kamba ya raba ili usiteleze. Mtu wa kine akamwambia dakika 10 zinatosha. Papa akauliza: "Dakika kumi ni mpaka wapi?" Yule kijana hakuelewa swali. Mimi nilielewa. Nikaangalia namba kwenye kioo kidogo: kilomita 2. Nikamwambia, papa, bado hujatoka Bunia.

Alicheka upande mmoja wa mdomo. Tangu siku ile ninaandika katika kadaftari kangu, kila Jumanne na kila Ijumaa, kilomita alizopiga, na tunaziunganisha. Wiki ya tatu alipita Dele. Mvua zilipoanza alikuwa karibu na Marabo, na akaanza kumweleza mtu wa kine, huku anakanyaga, ni wapi maji ya kunywa yalipatikana, ni mama gani aliuza mihogo ya kuchemsha, ni kwenye kilima gani walisaidiana watu watatu kwa baiskeli moja. Kijana yule hajawahi kupita njia ile. Mguu wa kushoto sasa unakanyaga wenyewe, kamba tumetoa.

Kadaftari kanasema kilomita 71. Komanda ni kama 75. Jana amenikumbusha kwamba Ijumaa nisisahau kubeba pesa kidogo, ya bariere.